"Suit" kwenye hukumu ya shamba

SWALI: Shikamoo Bibi. Baba amepewa nakala ya hukumu ya Mahakama Kuu kuhusu shamba letu, yote kwa Kiingereza. Namsomea kwa msaada wa kamusi, lakini nimekwama kwenye "suit", neno ninalolijua kuwa ni suti. Humo kuna "suit land", na mwisho kabisa "the suit is dismissed with costs". Suti imeingiaje shambani?
Msomaji, Muheza, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilikuwa mkalimani wa mahakama mpaka nikastaafu, na neno hili nimewatafsiria wazee wengi.

Tuanze na la baba. Humo "suit" ni kesi ya madai, si ya jinai. "Suit land" ni shamba linalogombewa. Jaji akiliita hivyo hajasema bado ni la nani. Sentensi ya mwisho ndiyo nzito: kesi imetupwa, na aliyeifungua atalipa gharama za mwenzake. Sasa rudi ukurasa wa kwanza ulitafute jina la baba. Likiwa upande wa "plaintiff", yaani mdai, ameshindwa. Likiwa upande wa "defendant", mdaiwa, kesi imemwendea vizuri na gharama atalipwa yeye. Kama ameshindwa, msikae. Rufaa ina muda wake, na siku hazingoji mpaka mmalize kutafsiri. Nendeni kwa wakili, au kwa watoa msaada wa kisheria. Sheria ya 2017 inawapa wasio na uwezo msaada huo bila malipo.

Jambo hili linaniuma. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na bado mzee anakabidhiwa habari za shamba lake kwa lugha asiyoisoma.

Ama hizo maana nyingi, zimetoka shina moja. Waingereza walilichukua neno kwa Wafaransa, na asili yake ni Kilatini, "sequi", kufuata. Mdai anafuatilia haki yake. Wafuasi wa bwana mmoja walivalishwa sare, na huko ndiko ilikotokea suti: koti na suruali za kitambaa kimoja, zinazofuatana.

Kwenye karata, "suits" ni kopa, uru, shupaza na pau. Majina hayo sisi tumeyapata kwa Wareno, wanaosema copas, ouros, espadas na paus. Hata turufu ni yao. Aliyeanza akitupa shupaza, nawe unayo mkononi, sharti utoe shupaza. Kufanya hivyo ndiko "follow suit". Ndiyo maana benki moja ikipunguza riba na nyingine zikaiga, magazeti ya Kiingereza huandika kwamba zime-"follow suit", ingawa hakuna karata wala koti.

Likiwa kitendo, lina sura mbili. Gauni liki-"suit" mtu, limempendeza. Siku iki-"suit", inamfaa. Lakini "suit yourself" ni fanya utakavyo, na mara nyingi msemaji ameshaudhika, kwa hiyo usimjibu hivyo mkubwa wako. Na ukiona "suite" yenye e mwishoni, hiyo hutamkwa "swiit", na hotelini ni vyumba vinavyopangishwa pamoja.

Niandikie tena ukishaliona jina la baba liko upande gani.