Mwaka wa kazi nyingi za video na fedha kidogo: jibu kwa ndugu wa Bukavu

Ndugu yetu wa Bukavu ameuliza jambo ambalo naamini linawagusa wengi wetu tunaoishi kwa kamera. Timu yake ndogo imefanya kazi karibu kila juma mwaka mzima, ikizunguka kwenye harusi, mashirika, kwaya na kampuni, lakini mwaka unapofungwa fedha iliyobaki ni kidogo, vijana wamechoka, na baadhi ya wateja bado wanadai filamu zao. Anataka kujua kama anunue kamera ya pili na droni, au aongeze watu. Mimi nafanya kazi hii Lubumbashi pamoja na wenzangu wachache, na mwaka tuliomaliza ulikuwa na shughuli nyingi kuliko yote iliyoutangulia. Kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona katika kazi zetu wenyewe, nikianza na jibu lenyewe: usinunue kamera kwanza, tafuta mhariri, yaani mtu wa kukata na kuunganisha picha mezani.

Tulipokaa kuutazama mwaka wetu, kila mmoja alikuja na kumbukumbu za siku za kupiga picha, kwa kuwa hizo ndizo zenye safari, watu na vumbi. Tulifungua daftari la kazi na kuandika mbele ya kila mradi muda uliopita tangu kadi zilipotolewa kwenye kamera hadi mteja alipokubali nakala ya mwisho. Hapo sura ya mwaka ikabadilika. Video ya dakika chache kuhusu kisima cha kijiji, ambayo upigaji wake ulikwisha kabla ya jua kuzama, ilikuwa imekula muda wa mezani kuliko harusi kadhaa zikiwekwa pamoja, na bei yake ilikuwa imepangwa kwa kufuata siku za kamera peke yake. Ukipanga bei kwa namna hiyo, kadiri unavyopata kazi nyingi ndivyo unavyozidi kufanya kazi bila malipo, wala kamera ya pili haitakuponya, kwa sababu itakuletea tu saa nyingine za picha zinazomsubiri mhariri yuleyule.

Katika mkoa wetu wa Haut-Katanga video za namna hiyo zina chanzo kinachojulikana. Sheria ya madini ya Kongo ilirekebishwa mwaka 2018, na tangu hapo kampuni inayochimba inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na pia kukubaliana na jamii hizo juu ya orodha ya miradi itakayotekelezwa. Shule, zahanati na visima vikijengwa, kuna haja ya kuonyesha kwamba vimejengwa kweli, na hapo ndipo sisi tunapoitwa. Ni kazi nzuri, tena naiona kuwa na maana, kwa sababu watu wa kijijini wanapata nafasi ya kusema mbele ya kamera kama maji yanatoka au hayatoki. Ugumu wake ni kwamba filamu moja ina wenyewe wengi: idara ya mawasiliano, watu wa mahusiano na jamii, wakurugenzi walio nchi nyingine, mara nyingine hata wawakilishi wa vijiji. Kila mmoja huitazama kwa siku yake na kuleta masahihisho yake, na masahihisho ya huyu hupingana na ya yule.

Dawa tuliyoipata, na ambayo imetusaidia kuliko kifaa chochote, ni kuandika mambo matatu katika mkataba kabla ya kuwasha kamera. Mteja atamchagua mtu mmoja atakayesema kwa niaba ya wote. Masahihisho yataletwa kwa maandishi, yakitaja dakika na sekunde ya kila sehemu inayolalamikiwa, na yatakuwa ya awamu mbili ndani ya bei, awamu ya tatu ikilipiwa. Tena maandishi ya msimulizi yatakubaliwa kwa sahihi kabla ya safari, kwa maana kubadili sentensi kwenye karatasi ni kazi ya dakika, ilhali kuibadili baada ya sauti kurekodiwa, muziki kupangwa na picha kukatwa ni kurudi mwanzo. Mteja mkubwa hachukii masharti haya. Watu wa migodini wamezoea taratibu kuliko sisi: huingii eneo lao bila mafunzo ya usalama, kofia ngumu, viatu vya kazi na koti la kuakisi mwanga. Muda unaopita getini kusubiri vibali nao ni muda wa kazi na uandikwe kwenye makadirio ya bei, pamoja na barabara ya kwenda Likasi au Kolwezi, ambapo foleni ya malori ya madini inaweza kukuharibia ratiba nzima ya mwanga wa asubuhi.

Jambo jingine linalokula muda bila kuonekana ni lugha. Mama wa mitaa yetu ya Katuba au Ruashi atakueleza habari zake kwa Kiswahili cha Lubumbashi, akichanganya Kifaransa pale anapotaka; mzee wa kijijini huenda akaona ni heshima zaidi kusema Kibemba au Kisanga, na ana haki hiyo. Mteja naye anataka manukuu ya Kifaransa, mara nyingine na ya Kiingereza. Manukuu yanayosomeka vizuri hayazidi mistari miwili kwa wakati mmoja, kila mstari ukiwa na herufi kama arobaini, kwa hiyo mtu aliyesema kwa kirefu lazima afupishwe bila kupotoshwa, na anayefupisha lazima aijue lugha ile kwa undani. Sisi tunamtafuta msikilizaji kutoka eneo lilelile, tunamlipa, na jina lake linaingia kwenye bajeti tangu mwanzo. Majina ya watu na vijiji tunayaandika papo hapo, tukimwomba mwenyewe ayatamke na ayahakikishe, kwa sababu hakuna kinachomvunja mzee moyo kama kuona jina la ukoo wake limeandikwa vibaya kwenye skrini.

Kuhusu harusi nitasema kidogo, ingawa najua wapo wanaozidharau. Kwetu nyingi hufungwa wakati wa kiangazi, na zimewafundisha vijana wetu kazi kuliko shule yoyote, kwa kuwa pete huvishwa mara moja tu na hakuna atakayerudia kwa ajili yako. Malipo yake yakamilike kabla ya siku yenyewe. Baba na mama wa maharusi wakishamaliza sherehe, wamemaliza na fedha, na kuwadai baada ya hapo ni kuwaaibisha wazee ambao walikupokea nyumbani kwao kwa heshima. Waeleze hivyo kwa upole wakati wa kikao cha maandalizi, mbele ya kamati, nao wataelewa.

Sasa niseme juu ya ufundi, kwa kuwa ndugu ametaja droni. Hapa Lubumbashi karibu kila mteja anaomba filamu yake ianze na ile chimini ndefu, yaani bomba la moshi, ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, pamoja na kilima cha mabaki ya madini, ikionekana kutoka juu. Ni alama ya mji na tunaipenda, lakini kwa filamu ya akina mama wanaotengeneza sabuni haina kazi yoyote, na tangu tulipoanza kuwaambia wateja hivyo waziwazi, wengi wamekubali kuanza na mikono ya wale akina mama. Droni ni ya kukodi, tena pamoja na rubani ambaye vibali vyake viko sawa. Isitoshe, mwezi wa nane na wa tisa moshi wa mioto ya porini na vumbi la kiangazi huifanya anga yetu kuwa nyeupe, picha za juu zinapoteza rangi na umbali, na hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayorudisha kile ambacho lenzi haikukiona. Hewa safi na majani ya kijani utavipata mvua zikishaanza, au mara zinapomalizika, mwezi wa nne na wa tano. Tulipoanza kupanga miradi kwa kufuata majira hayo badala ya kufuata haraka ya mteja, picha zilipanda ubora bila kununua chochote.

Fedha ya kifaa, ikiwepo, iende kwenye sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti isiyosikika humfanya azime simu. Maikrofoni ndogo ya kifuani, kipimo cha shubiri moja chini ya kidevu, na kinasa sauti cha pembeni vitakuokoa mahali penye jenereta ya jirani na baa inayopiga muziki tangu asubuhi. Mvua ikianza juu ya mabati, simamisha mahojiano; kwetu mara nyingi hunyesha alasiri, kwa hiyo katika masika mahojiano yote ya ndani tunayaweka asubuhi. Rekodi pia dakika moja ya ukimya wa chumba kila unapomaliza, mhariri atakushukuru. Na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, piga kwa fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za ofisini zinaweza kuonekana zikipepesa, na kasoro hiyo utaigundua ukiwa tayari mezani, mbali na pale mahali.

Nirudi mezani basi, maana huko ndiko mwaka wetu ulikoamuliwa. Kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja ya picha. Ukiwa na kamera mbili zinazokwenda pamoja, ni 90. Mteja akiomba utume saa hiyo moja ya kamera moja kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, hiyo ni kazi ya saa kumi mfululizo ikiwa umeme na mtandao havitakatika hata kidogo, jambo ambalo hakuna mtu wa Lubumbashi wala wa Bukavu anayeweza kuahidi. Ndiyo sababu tunatuma nakala nyepesi kwa ajili ya masahihisho, na picha zenyewe tunazikabidhi kwa diski, mkononi. Betri za kuhifadhi umeme, zinazotosha kuiendesha kompyuta ya kuhariri hadi umeme urudi, zimeongeza saa za kazi kuliko kamera yoyote ambayo tungeweza kununua kwa fedha ileile. Vijana wako wamechoka, ndugu yangu, kwa sababu bila shaka wanahariri usiku umeme unapotulia, kisha asubuhi wanabeba tripodi. Mtu anayehariri asiwe yule anayeamka kwenda kupiga picha.

Ningependa pia wenzetu wote wafikirie hifadhi ya picha. Kila mradi tunauweka kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, pamoja na karatasi yenye tarehe, mahali na majina ya wote waliozungumza. Kazi hii haionekani na hakuna mteja anayeiuliza, mpaka siku anapoihitaji. Familia moja ilikuja kwetu ikitafuta sauti ya babu yao aliyekuwa amefariki. Walikumbuka kwamba aliwahi kuhojiwa katika video ya chama chake. Katika filamu iliyokamilika alisema sentensi mbili. Katika picha ghafi, ambazo zilipatikana kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa, alikuwa akieleza kwa utulivu jinsi alivyofika mjini akiwa kijana na kuanza kazi. Shirika lililotuagiza lilitoa ruhusa, tukawapa wajukuu mazungumzo yote. Mji wetu unabadilika haraka, nyumba za zamani zinabomolewa na wazee wanaondoka, na sisi wenye kamera tunashika sehemu ya kumbukumbu zake hata kama tulilipwa kwa ajili ya jambo jingine. Gharama ya diski iingie kwenye kila makadirio ya bei, kwa jina lake, na mteja aione.

Kwa upande wa malipo, sisi tunadai nusu kabla ya kuanza, sehemu nyingine mteja anapoona rasimu yenye alama ya kampuni yetu juu ya picha, na kilichobaki kabla ya kukabidhi nakala safi. Taasisi kubwa zina utaratibu wa kulipa baada ya muda mrefu, na kuzilazimisha ni vigumu, hivyo swali la kuuliza siku ya kwanza ni ankara hulipwa baada ya siku ngapi, kisha upange mishahara ya vijana kwa kutegemea kazi ndogo zinazolipa mapema. Kampuni moja ilituchelewesha hadi mradi uliofuata ukagharimiwa na fedha za harusi. Tangu hapo hatuchukui kazi mbili za malipo ya kuchelewa kwa wakati mmoja, hata zikiwa za heshima kubwa.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kuingia dukani, chukua daftari lako na uandike mbele ya kila kazi saa za kuhariri, idadi ya masahihisho na tarehe fedha ilipoingia. Nina hakika aina moja au mbili za kazi zitajitokeza zenyewe kuwa ndizo zinazokumaliza. Hizo zipandishie bei au uziwekee masharti niliyoyataja, na mhariri utakayemwajiri alipwe kutokana na tofauti hiyo. Kamera ya pili kodi kwa mwenzako siku unapoihitaji. Na kwa wale wateja wanaodai filamu zao, wapigie simu juma hili wewe mwenyewe, bila kumtuma kijana, uwape kila mmoja tarehe ambayo mhariri amekubali kwamba anaiweza, ukianza na yule aliyesubiri kuliko wote.