Kupuliza hewa hakuthibitishi kuwa mrija uko tumboni

Dada, uliuliza kama inatosha kupuliza hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumbo kabla ya kumlisha mtoto kwa mrija wa puani. Haitoshi kabisa, sauti kama hiyo husikika hata mrija ukiwa umeingia njia ya hewa. Angalia kwanza alama ya mrija puani: ikiwa imesogea, usilishe, mpigie muuguzi. Kisha vuta majimaji kidogo, dondoshea karatasi ya pH, ile inayopima asidi (namba ndogo ni asidi kali). Ikisoma 5.5 au chini, lisha. Yasipotoka, mlaze ubavu wa kushoto, subiri dakika 15 hadi 30, vuta tena. Maziwa ya karibuni na dawa za kupunguza asidi hupandisha kipimo. Akikohoa mfululizo au midomo ikiwa ya bluu, acha kulisha, mkimbize hospitali.