Povu la alumini: gesi ni tele, kazi ni kulishika

Fundi wa Tabora anayesubu sufuria za skrepa huchukia tundu: moja tu kwenye kitako na sufuria inavuja. Kwenye alumini ya povu, yaani iliyoumuliwa kwa gesi kama mkate, matundu ndiyo mali, mradi yalingane na yabaki mahali pake mpaka kitu kigande.

Povu likinywea, wengi huongeza unga wa gesi. Wanakosea. Kilo 1 ya alumini ngumu ni kama lita 0.37, na ikiumuka hadi lita 4 inatosha sana. Gramu 16 za hidridi ya titani, ambayo ndiyo unga wenyewe, kwenye nyuzi 680 za Selsiasi, hutoa zaidi ya lita 20 za hidrojeni. Nyingi inapotelea hewani.

Kinachokosekana ni uzito wa uji, yaani wa alumini iliyoyeyuka: si wa mizani, bali ule wa kuchuruzika polepole. Tikisa chupa ya maji, kisha ya asali ya Sikonge, uone mapovu ya wapi yanakawia. Alumini iliyoyeyuka huchuruzika karibu kama maji, na mvutano wa uso wake unapita wa maji zaidi ya mara kumi. Sabuni ndiyo hushika povu la maji, lakini kwa joto hilo inaungua.

Dawa yake ni kalsiamu. Alumini ikifika nyuzi 680, tia gramu 15 kwa kila kilo, ukoroge kwa dakika kama 6 hewa ikiingia. Usitie unga wa kusafishia taka! Oksidi unazozitupa ukisubu sufuria ndizo unazozitaka hapa: chembe zake hukaa kwenye kuta za mapovu na kuzuia uji usichuruzike. Mwiko ukigoma kama ugali unaokaribia kuiva, mwaga hidridi yote kwa mkupuo, koroga kwa kasi, chomoa mwiko, funika. Liache liumuke kama dakika 15, kisha elekeza feni kwenye kalibu.

Likipoa, lipasue kwa msumeno. Kitako kizito kisicho na matundu maana yake uji ulichuruzika: hukukoroga vya kutosha, au ulichelewa kupoza. Mapango makubwa katikati ni mapovu yaliyopasukiana, mara nyingi kwa moto uliozidi. Madonge ya kijivu ni hidridi isiyochanganyika.

Kazi hii ifanyike uwanjani, maana hidrojeni inawaka. Skrepa yenye unyevu hulipuka ikigusa uji, na kalsiamu ikipata maji nayo hutoa hidrojeni.

Ukikosa hidridi, jaribu unga mkavu wa kabonati ya kalsiamu. Kabondayoksaidi yake huoksidisha kuta yenyewe, na mapovu hutoka madogo zaidi.