Lori lisilo na deni
Ndugu, umeuliza kama inafaa kumpa muuzaji lori lako la Fuso, ambalo mkopo wake umekwisha, na kuongeza fedha ili uchukue jipya kwa mkopo. Kwa maoni yangu, subiri. Lori la mkopo litakuletea marejesho ya kila mwezi yasiyojali msimu wa mizigo, na kwa kawaida benki itataka ulipie bima kubwa, ile inayofidia hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, hadi deni liishe. Jumlisha kwanza gharama za matengenezo ya miezi 12 iliyopita, pamoja na siku ambazo gari lililala gereji bila kuingiza chochote, kisha uzilinganishe na marejesho ya mwaka mmoja. Chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikiwa imepasuka, hilo ni jambo jingine kabisa, lakini hata hapo tafuta kwanza mnunuzi wa fedha taslimu.