Jibu kuhusu dawa ya mionzi pamoja na dawa ya kinga kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa

Mkuu, pole sana kwa kuuguliwa na mzee. Umeuliza kama mumbane daktari ampe lutesiamu, yaani dawa ya mionzi, na dawa ya kuamsha kinga kwa pamoja. Kaka yangu alipewa zote mbili ndani ya utafiti na mimi ndiye niliyemuuguza.

Lutesiamu 177 hubebwa na kiambata kinachonasa PSMA, protini iliyojaa juu ya seli za saratani hii. Inazifuata hadi kwenye mifupa, na mionzi yake haivuki milimita 2 hivi. Yenyewe peke yake imethibitishwa: katika utafiti wa VISION nusu ya walioipata waliishi zaidi ya miezi 15.3, dhidi ya 11.3 kwa wasioipata, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 2022. Kuichanganya na pembrolizumabu, ambayo ndiyo dawa ya kuamsha kinga, bado ni jambo la majaribio. Uvimbe wa tezi dume huwa na chembe T (askari wa kinga ya mwili) chache, ndiyo maana dawa ya kinga ikiwa peke yake husaidia wachache. Wanachotarajia watafiti ni kwamba mionzi ikizivunja seli, kinga itazitambua, na pembrolizumabu itaizuia saratani isiizime kinga hiyo. Lakini mionzi hiyohiyo hupunguza chembe nyeupe za damu, kwa hiyo ipi itangulie na kwa kipimo gani ni suala zito.

Sasa madhara, maana hapa ndipo wengi hukwama. Kinywa cha kaka kilikauka hadi mkate haumezeki bila maji. Lutesiamu hushika tezi za mate, tulishaambiwa. Baadaye akaanza kuharisha. Nyumbani wote wakasema ni chakula. Nikampigia nesi wa utafiti. Akauliza anakwenda mara ngapi, kuna damu, halafu akasema mleteni leo. Kinga ilikuwa inashambulia utumbo. Dawa ya kinga ikasimamishwa, akapewa steroidi za kutuliza kinga, akatulia. Tungemtafutia dawa ya kufunga tumbo tu, utumbo ungeweza hata kutoboka.

PSA yake, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, ilishuka na maumivu ya mgongo yakapungua kwa muda mzuri, kisha ikapanda tena. Siwezi kusema ni dawa ipi iliyomsaidia.

Kwa hiyo msimbane daktari. Muulizeni kama picha ya PET (skani ya mwili) inaonyesha PSMA ya kutosha, kama damu na figo zinaruhusu, na kama kuna utafiti unaopokea wagonjwa. Mzee akiwa na ugonjwa wa kinga kujishambulia, au aliwahi kupandikizwa kiungo, semeni mapema. Na ombeni namba ya simu inayopokelewa usiku.