Nimezaliwa Mlutheri, moyo umehamia kwenye Misa

*Shangazi, shikamoo.*

*Nina miaka 36, naishi Kimara, kazi yangu iko Posta. Kwetu ni Machame. Baba yangu ni mzee wa kanisa KKKT miaka na miaka, mimi nimekulia kwenye kwaya. Mume wangu naye ni Mlutheri, ndoa tulifungia usharikani, na tuna binti wa miaka saba.*

*Mwaka juzi nilijifungua mtoto wa kiume, akaishi saa chache tu. Walipokwenda kumzika mimi nilikuwa bado wodini. Wazee wa kanisa walikuja nyumbani, wakaomba, wakasema Mungu atatupa mwingine. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja tena.*

*Jioni moja nikitoka kazini niliingia St. Joseph, pale mbele ya bandari, nikae tu nipumzike. Ilikuwa tarehe 2 Novemba. Watu walikuwa wanaandika majina ya marehemu wao kwenye karatasi yapelekwe altareni. Dada mmoja akaniazima kalamu bila kuniuliza mimi ni nani. Nikaandika "mtoto". Basi, tangu hapo naenda karibu kila wiki. Rozari nimejifunza kwenye simu. Baba Yetu ndiyo bado inaniaibisha: wenzangu wanasema "ufalme wako ufike", mimi nimeshatamka "uje". Na mara ya kwanza, waliponyamaza baada ya "utuopoe maovuni", mimi nikaendelea peke yangu kwa sauti ya kwaya, "Kwa kuwa ufalme ni wako…", mpaka bibi wa benchi la mbele akageuka kunitazama. Mara mbili nimepanga foleni nikapokea Komunyo.*

*Nyumbani nikichelewa nasema mwendokasi ulijaa. Shangazi, nataka kuwa Mkatoliki. Nilipomwambia dada yangu aliniuliza swali moja tu: "Ni mwanaume gani?" Baba akisikia atasema nimetupa dini ya mababu. Nifanyeje?*

*Mama wa Kimara*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mtoto kwanza, hayo mengine tutayafikia.

Swali la dada yako lisikuudhi sana. Kwetu mwanamke akihama kanisa, watu wanajua sababu kabla hajafungua mdomo: ameolewa. Mke humfuata mume, cheti cha ubatizo kinatafutwa, na hakuna anayemuuliza bibi harusi anaamini nini. Wewe umeolewa tayari, tena na Mlutheri mwenzako, na bado unataka kuhama. Dada yako hana kabati la kukuweka, ndiyo maana ametafuta mwanaume. Mjibu kwa upole kwamba hayupo, na usiongeze maelezo mpaka mumeo awe ameyasikia kutoka kinywani mwako. Huyo dada ameshajua mambo ya nyumba yako kabla ya mwenye nyumba, na hilo peke yake halijakaa sawa.

Kuhusu dini ya mababu nina neno, maana mimi nimezaliwa mpakani. Baba yangu wa Kilema, Mkatoliki. Mama yangu wa Marangu, Mlutheri, na alikataa katakata kumfuata mumewe. Jumapili tulikuwa tunatoka nyumbani pamoja, tumepakwa mafuta tunang'aa, mpaka kwenye njia panda yenye mti wa mruka. Hapo baba anashika njia yake na kaka zangu, mama anashika yake na sisi wasichana. Mchana tunakutana kwenye chungu kimoja cha ndizi na nyama. Nimeshuhudia ugomvi mwingi katika nyumba ile, wa ng'ombe, wa mipaka ya kihamba, wa ada ya shule. Wa kanisa nakumbuka mmoja tu, nao ulikuwa juu ya nani atamzika bibi.

Mlima wetu wa Kilimanjaro uligawanywa na nani alifika kwa mangi yupi, yaani chifu yupi, kwanza. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipanda kutoka pwani wakaweka kituo Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, wakafika Machame mwaka 1893. Mangi akikubali wageni wake, watu wake wanaanza kusoma kwao, na wajukuu wanaiita dini ya mababu. Wale wageni wangepishana njia kidogo tu, leo baba yako angekuwa mwenyekiti wa kigango, na wewe ungekuwa unaniandikia kwamba moyo umehamia KKKT. Nakwambia haya yakupunguzie woga. Usiende kumwambia mzee haya Krismasi, ndafu ikiwa mezani.

Sasa nikugombeze. Ile foleni ya Komunyo, acha. Najua ulivyoipanga, kwa kiu, si kwa dharau. Lakini Mkatoliki anayekwenda pale anasema mambo mawili kwa mara moja: kwamba anaamini anachopokea, na kwamba yuko katika ushirika na kanisa hilo. La pili wewe hujalisema mahali popote, hata chumbani kwako. Mpaka utakapopokelewa, baki kwenye benchi na uwapishe wenzako magoti. Utakapokaa na paroko mweleze na hilo. Utakuta ameshasikia makubwa kuliko hayo.

Na ndiyo, itabidi ukae na paroko, maana huwezi kuwa Mkatoliki kwa kujificha kwenye benchi la nyuma. Watu wa mtaani watakutisha bure, kwa hiyo sikiliza utaratibu ulivyo. Hubatizwi tena. Ubatizo wako wa Machame, kwa maji na kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, Wakatoliki wanautambua, ila tu tafuta cheti. Utasoma mafundisho, na muda wake wanapanga wenyewe parokiani. Utafanya kitubio, utakiri imani mbele ya waamini, utapewa kipaimara na kupokea Komunyo. Ndoa yako inabaki ndoa. Wote wawili mmebatizwa na mlifunga kihalali kanisani kwenu, kwa hiyo hakuna kubariki upya, na mumeo halazimiki kukufuata.

Kitakachouma ni kipaimara. Wewe tayari una kipaimara chako: madarasa, gauni jeupe, mbuzi aliyechinjwa, picha ambayo naamini mpaka leo imetundikwa sebuleni kwa mama yako. Neno ni lilelile makanisa yote mawili, lakini kwa Wakatoliki ni sakramenti na cha Walutheri hawakihesabu hivyo, kwa hiyo utapewa kama mtu ambaye hakuwahi kupata. Ukifika hapo na ukasikia kitu kimekukaba kooni, si dhambi. Mwambie katekista. Mama yako akisikia, hicho ndicho kitakachomliza, zaidi ya rozari.

Binti yenu mwache kwanza. Amebatizwa, ana miaka saba, ana marafiki shule ya Jumapili. Padre atakukumbusha wajibu wa mzazi Mkatoliki kulea mtoto katika imani yake, atafanya hivyo kwa sababu ndiyo kazi yake, na wewe utamjibu kweli: mtoto ana baba, na baba ana neno. Usimchukue kimyakimya Jumamosi ukamfundisha Salamu Maria halafu ukamwambia asimwambie baba. Siri moja ndani ya nyumba inatosha.

Kuna jambo moja nimelirudia mara tatu kwenye barua yako. Hukuvutwa na papa, wala mafundisho ya Bikira Maria, wala ubani. Uliingia kanisani kwa sababu ulikuwa na marehemu asiyetajwa, na ndani ukakuta watu wanataja marehemu wao. Sisemi imani yako ni ya uongo. Wengi tumemfikia Mungu kwa mlango wa msiba. Lakini jiulize, kwa utulivu, unaifuata Misa au unakimbia wale wazee waliokwambia utapata mwingine?

Kwa sababu kama unawakimbia wale wazee, usiwabebeshe Walutheri wote kosa lao. Mwaka 1542 Martin Luther mwenyewe aliandika maneno ya kuwafariji akina mama ambao uzazi uliwaendea vibaya. Aliwaambia wasidhani Mungu amewakasirikia, na kwamba kilio cha mama juu ya mtoto ambaye hakuwahi kubatizwa Mungu anakipokea kama sala. Naye alijua anachosema, alikuwa amemzika binti mchanga, na mwaka huohuo akamzika mwingine wa miaka 13. Hazina hiyo ilikuwemo ndani ya kanisa lako siku wazee walipokaa sebuleni kwako. Hawakuifungua, labda hata hawakujua ipo. Umekutana na Walutheri siku yao mbaya na Wakatoliki siku yao nzuri. Ukishahamia, jumuiya yako ndogo ndogo itakuwa na mama mmoja mmbea, itakuwa na bahasha za michango zisizokwisha, na itafika siku padre atakujibu kwa haraka kwa sababu ana misiba mitatu. Je, utakuwa bado unataka kuwepo? Ukijibu ndiyo, basi hiyo ni imani, nenda kwa miguu yako.

Na huko nako utakutana na wazee watakaokutisha kwamba mtoto ambaye hakubatizwa yuko limbo, yaani pembeni, nje ya mbingu. Fundisho hilo halijawahi kuwa dogma. Katekisimu ya mwaka 1992 inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na tume ya wanateolojia ya Vatikani ikaandika mwaka 2007 kwamba upo msingi wa kutumaini wokovu wao. Mtu akikuletea mambo ya limbo, ondoka hapo ukanywe chai.

Kwa baba, mpe muda. Kama ni mzee wa kanisa kweli kweli ataanza na wokovu kwa neema na wokovu kwa matendo. Hapo unaweza kumwambia kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya jambo hilohilo. Hatabadilika, lakini atajua hukukurupuka. Hofu yake haipo huko hasa. Hofu yake ni siku ya msiba wake, watu wa usharika wakiuliza binti wa mzee amekaa wapi. Mwambie utakaa mstari wa mbele na utaimba, maana nyimbo zote unazijua kwa kichwa. Jambo hilo usilipeleke kwa simu. Subiri Desemba mkipanda nyumbani.

Mumeo hawezi kusubiri Desemba. Mwambie wiki hii, na usianze na neno Mkatoliki. Anza na mwendokasi. Mwambie siku zile haukujaa, mwambie ulikuwa wapi, na uache kimya kifuate. Atafikiri lile lile alilofikiri dada yako, kwa hiyo mweleze mapema ulikaa benchi gani na ulikuwa unafanya nini. Kama anataka kuona, mchukue. Azania Front, kanisa la Kilutheri, iko hapo hapo mbele ya bandari, akikerwa na ubani atavuka akapumzike kwao.

Umeandika "walipokwenda kumzika". Mmoja wao alikuwa yeye. Wewe ulikuwa wodini, yeye ndiye aliyekipokea kile kifurushi mikononi na kukiteremsha, halafu akarudi kukuletea uji. Nani alimpa pole? Hukuandika, na nadhani hukuandika kwa sababu hukumuuliza. Inawezekana na yeye ana mahali pake pa kwenda jioni akisema kuna foleni.

Kwa hiyo muulize kaburi liko wapi, na akupeleke. Na muulize kama alikuwa amemchagulia jina. Ile karatasi ya Novemba uliandika "mtoto", nikaisoma nikaiweka chini nikaenda kufanya mambo mengine. Mpeni jina nyinyi wawili kabla hujakaa na paroko, ili Novemba ijayo, popote mtakapokuwa, ukiazimwa kalamu uwe na la kuandika.

Shangazi yako