Mchanga wa Msimbati, theluji ya Winnipeg

SWALI: Shikamoo Mzee wa Matairi. Mwanangu anasoma Winnipeg, Kanada, na amenunua kigari kuukuu. Theluji imeanza. Mjomba wake, dereva wa hapa Mikindani, kamwambia apunguze upepo mpaka PSI 18 (kipimo cha upepo wa tairi) kama tufanyavyo ufukweni Msimbati, eti tairi litashika. Mtoto anaona haya kumbishia mjomba. Nimwambieje? – Mama Salumu

JIBU: Marahaba, mama. Mjomba ni dereva kweli, ila kachanganya barabara. Msimbati unapunguza upepo ili tairi litandazike, lipite juu ya mchanga lisichimbe. Hata Iceland wanaopanda milima ya theluji nene hufanya hivyo, lakini kwa magari ya matairi mapana mno, tena mwendo wa kinyonga. Salumu anakwenda chuo kwenye barabara zilizokwanguliwa theluji. Huko tairi laini linayumba kwenye kona, linachelewa kuitika usukani na kuliwa pembeni. Mimi mwenyewe siku ya Idi nilitoka ufukweni na upepo wa mchangani, nikashika njia ya Lindi bila kujaza. Sikufika Mnazi Mmoja. Tairi la nyuma lilichemka likapasuka, na abiria wangu na masinia yao ya pilau pale juani.

Tena baridi yenyewe inapunguza upepo bila kuombwa: kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, PSI moja hivi inakwenda. Akijaza kwenye gereji yenye nyuzi 15, akaamka nje kuna 20 chini ya sifuri, kapoteza kama 6. Kwa hiyo apime asubuhi kabla hajawasha gari, ajaze mpaka namba iliyo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Huenda imeandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo. kPa 230 ni kama PSI 33 zetu. Ile ya ubavuni mwa tairi aiache, ni kikomo cha juu kabisa cha tairi lenyewe.

Ila mimi ningemuuliza kwanza: matairi yenyewe ni ya baridi? Mpira wa kawaida huanza kukakamaa chini ya nyuzi 7 hivi. Atafute alama ya mlima wa vilele vitatu wenye ua la theluji, na yawe yote manne.

Kuhusu mjomba, usimtwike mtoto. Wewe ndiwe ndugu yake, mwambie mwenyewe.